Mtoto wa Kuazima

Dina hufundisha falsafa chuoni. Masika hii alirudi kwao Isongole na bintiye Tumpe, akiwa na kitabu kipya kuhusu falsafa na dini za Wagiriki na Warumi wa kale. Alikuwa amesoma hadi pale wanafalsafa wanaposema mtoto ni wa kuazima tu, akichukuliwa usinung'unike, Tumpe alipopandwa na homa. Kulipokucha alikuwa haitiki akiitwa, na udongo ulikuwa umeporomoka barabarani. Hata bodaboda hazikupita.

“Hao watu wa kitabu chako,” aliuliza Tulinagwe, mama yake Dina, akimfunga mjukuu mgongoni mwa bintiye, “watoto wao wakiugua walifanyaje?”

“Wenye hekima walisema tukubali, mama. Lakini wazazi waliwakimbiza wagonjwa wao mahekaluni, wakalia.”

“Basi twende, mwanangu.”

Walikanyaga tope kuelekea zahanati, Tulinagwe akiomba kwa Kindali, lugha ya kwao. Dina alishindwa hata kuomba. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinagongagonga mgongo wake, hakina nguvu.

“Sikumwazima kwa mtu!” alipiga kelele ghafla. “Ni wangu!”

Walipofika, mganga alipima, akasema ni malaria kali, akahangaika kuutafuta mshipa wa kuchomea sindano asiuone. Dina akaketi sakafuni na tope lake. Hatimaye sindano iliingia, na Tumpe akatoa kilio chembamba cha hasira.

“Mbembeleze,” alisema mganga.

Dina hakuweza. Alikuwa analia kwa sauti kubwa kuliko mtoto.