Siku Théodore Alipojaribu Mabamba

Mume wangu Théodore ni fundi wa kuchomelea, na hakubali kazi imtoke mikononi kabla hajaijaribu. Akikutengenezea geti, atalifunga na kulifungua mpaka jirani aanze kusali. Akikutengenezea kitanda, atakirukia. Kwa hiyo mwezi wa nne wa mwaka 2015, mzee mmoja wa Randburg, hapa Johannesburg, alipomwagiza shabaha za chuma, nilijua tu kwamba lazima azijaribu. Ambacho sikukijua ni kwamba zingekuja kutuumbua.

Mzee huyo aliitwa Kobus. Théodore alikuwa amemwekea vyuma vya madirisha, na siku ya kumaliza kazi mzee akampeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha ukuta wake wa mazoezi. Alikuwa na bunduki ya upepo, ile ya risasi ndogo ndogo, na kila jioni alikuwa akilenga makopo. Shida yake macho. Akifyatua, hajui kama amepata au amekosa. Shabaha za chuma zinazouzwa madukani bei yake ilimkera, akamwuliza Théodore kama anaweza kumtengenezea za bei nafuu, zinazolia vizuri, asikie kwa masikio kile asichokiona.

Théodore alirudi kwetu Yeoville akicheka peke yake.

"Mama Sagesse," aliniambia, "uyu muzee iko na barafiki mingi ba kulenga. Yake ikilia muzuri, bote batakuya kwangu."

"Bakuye na njaa yabo?" nilimjibu. "Kwanza ilie."

Haikulia. Alianza na vipande vilivyobaki kwenye kazi za mageti, akavikata duara, akavitoboa, akavipaka rangi nyeupe. Ukivigonga vilitoa mlio wa mlango wa choo. Aliyemtoa shimoni ni Lefa, Msotho mmoja aliyekuwa akizunguka mtaani kwetu na kitoroli akiokota vyuma chakavu na kutuuzia. Siku moja alileta bapa la springi ya gari, akalitundika kwa waya, akaligonga na bolti. Likaimba. Théodore alimkumbatia mtu wa watu mpaka kofia ikaanguka.

Springi chakavu ni rahisi kuipata, na chuma chake ni kigumu, risasi ya upepo haiachi hata kovu. Basi wiki nzima wanaume hao wawili walikaa juu ya ndoo uani kwangu, wakinywa chai yangu na kumaliza mkate wangu, wakibishana tundu litobolewe wapi ili sauti isife, na bamba liinamishwe vipi ili risasi idondoke chini isije ikamrudia mzee usoni. Lefa hakujua Kiswahili. Kiingereza cha Théodore ni cha kuungaunga. Lakini walielewana kuliko mimi na dada zangu, na Lefa alikuwa akimwita "Teo", jina ambalo hata mama yake hajawahi kumwita.

Sasa kumbuka mwezi wenyewe. Durban wageni walikuwa wamepigwa na maduka yao kuvunjwa, na kila mtu alisema Joburg ndiyo inayofuata. Papa François, mkubwa wetu mtaani, alitukusanya Wakongomani na Warundi kwenye gereji tunamosali Jumapili. Mmoja akasema tutegemee polisi, watu wakacheka. Mwingine akasema tutegemee Mungu, watu wakaitikia amina, lakini hakuna aliyeonekana kupoa moyo. Ndipo Théodore akasimama.

"Tufanye kama kwetu," akasema. "Kwetu Bukavu bezi bakiingia kwa jirani, unafanya nini? Unapiga sufuria. Ule wa pembeni anapiga yake, na mwingine yake, mupaka avenue nzima inalia. Bezi banakimbia."

Nani miongoni mwetu hakuwahi kupiga sufuria dirishani akitetemeka? Tuliafikiana pale pale: atakayeona hatari agonge chuma, wengine wajibu kwa sufuria, na wanaume watoke nje. Pascasie, Mrundi muuza mboga, alisema wazo kama hilo linatoka kwa mtu mwenye kichwa. Mume wangu alirudi nyumbani kifua mbele, na mimi nyuma yake nikijiona mke wa waziri.

Jumamosi iliyofuata mabamba yalikuwa tayari. Alikuwa ameyagonga siku zote kwa nyundo ndogo, kistaarabu, lakini siku hiyo aliyatundika yote kwa minyororo kwenye boriti ya karakana yake ya uani, akachukua nyundo kubwa. Nilikuwa jikoni nasonga fufu, dirisha liko wazi. Akapiga la kwanza. Akapiga la pili. Niliwaza tu kwamba Mzee Kobus atasikia hata akiwa amekufa.

Ndipo sufuria moja ikajibu kutoka nyumba ya chini. Halafu nyingine. Halafu barabara nzima.

Nilimwona Théodore akigeuka, uso umempauka. Hapo ungetegemea mtu aliyeshika nyundo ajiulize nani aliyeanza. Hakujiuliza. Alisikia sufuria, na sufuria kwetu zina maana moja.

"Banakuya!" akapiga kelele. "Mama Sagesse, banakuya!"

Na akaanza kuyapiga mabamba kwa nguvu zake zote. Nami niliyesikia kila kitu tangu mwanzo, dirisha likiwa wazi, nilitupa mwiko nikashika sufuria. Sina la kujitetea. Woga ukishaingia ndani, akili hutokea mlango wa nyuma.

Tulipofika getini watu walikuwa wamejaa barabarani, wanaume wana fimbo na mabomba, wanawake wana mifuniko. Kila mmoja alikuwa akimuuliza mwenzake wako wapi. Na kutoka kona ya juu, mtu mmoja alikuwa anakuja mbio, peke yake, ana vyuma virefu begani.

"Yule! Yule!" mtu akapaza sauti.

Thierry, fundi cherehani, kijana mpole ambaye hata kuku hachinji, ndiye aliyemkata mtama. Vyuma vikaanguka, na watu wakamwangukia. Sikuona uso wake. Nilisikia fimbo, na nilisikia sauti yake ikitoka katikati ya miguu ya watu.

"Teo! Teo!"

Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, nyundo bado iko mkononi. Nilimtazama. Alikuwa amekwisha elewa yote: chuma kilichoanza kilikuwa cha nani, na aliyelala chini ni nani. Alifungua mdomo. Akaufunga. Alitazama watu waliompigia makofi kwenye gereji, akamtazama Papa François, akatazama chini. Yule mtu aliita tena jina lake, na fimbo hazikuacha. Nami pia nilikuwa na mdomo, lakini nilikuwa namngoja mume wangu autumie wake, na aibu ya kungoja huko bado ninayo.

Pascasie ndiye aliyemwokoa. Aliona kofia imeangukia mtaroni, akaijua.

"Yesu wangu, muacheni! Ni yule wa vyuma! Ni yule wa vyuma!"

Waliacha. Mifuniko ikashuka. Lefa alikuwa amejikunja, mkono wake wa kulia umekaa vibaya, damu inamtoka sikioni. Tulimpakia kwenye gari la Papa François apelekwe hospitali, na Théodore hakupanda. Alisema anafunga karakana.

Nilidhani usiku ule atasema. Nilimwekea chakula, akakisukuma.

"Baba Sagesse," nikamwambia, "enda kwa Papa François umuambie ni weye ulianza. Uyu mutu hawezi kurudi kwa avenue yetu kama hakuna mwenye anasema ukweli."

"Kesho," akasema. "Kwa kanisa. Mbele ya bote."

Nikamwamini. Kumbe wakati sisi tumekaa hivyo, mtaa ulikuwa unajitengenezea habari zake. Hakuna anayependa kulala akijua amempiga mtu bure. Asubuhi kwenye gereji nilisikia kwamba walikuwa watu sita, kwamba watano walikimbia, kwamba yule wa vyuma alitumwa mbele kuchungulia nyumba zetu, na ndiyo maana siku zote alikuwa haishi kuja. Thierry, macho yamemvimba kwa kulia, alikuwa anaisikiliza hadithi hiyo kama mtu anayenyweshwa dawa.

Papa François akasimama mbele. Akasema tumshukuru Mungu kwa mlinzi aliyetupa, ambaye masikio yake hayakulala na chuma chake hakikuchelewa. Akamwita Théodore asimame.

Théodore alisimama. Hii ndiyo nafasi, nikasema moyoni, na nikashika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Watu walipiga makofi, wakaimba, mama mmoja akapiga vigelegele. Alikuwa na jasho shingoni. Alingoja makofi yapungue, hayakupungua, na yalipopungua akasema, "Utukufu kwa Mungu," akakaa. Nilisogea mbali naye kidogo, mume wangu wa ndoa, kama mtu anayekwepa nguo yenye rangi mbichi.

Baada ya ibada sikumwambia tunakwenda wapi. Nilimvuta tu mpaka kwenye taksi, na tukashuka karibu na Joubert Park, ambako Lefa alikuwa amepanga chumba na binamu yake. Nilibeba kuku na ndizi. Mkono wa mgeni usiwe mtupu, hata akiwa mgeni wa aina yetu.

Alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa plasta, jicho moja limefumba. Alipomwona Théodore alicheka upande wa mdomo uliobaki.

"Eish, Teo," akasema kwa Kiingereza. "Zinalia! Nilizisikia kutoka kule juu, kwenye robot, zile taa za barabarani. Nilikuwa na mabapa mawili ya mwisho, nikasema leo amezitundika zote, nikakiacha kitoroli kwa mwenye kiduka cha spaza, nikakimbia."

Théodore aliketi pembeni mwa kitanda. Lefa akatuuliza watu wa mtaa wetu walikuwa wanamkimbiza nani, na mimi, kwa kuwa hakuna aliyesema, nikamweleza habari ya sufuria, jinsi ilivyo kawaida yetu. Sikusema nani aliyeanza. Nilimwachia mwenye nyundo.

Lefa alisikiliza mpaka mwisho. Akachezea uzi wa bandeji. Alikuwa na akili yake timamu, hakuhitaji kufundishwa kujumlisha. Kisha akamtazama mume wangu kwa lile jicho moja, na sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemsogezea mwenzake kiti.

"Kulikuwa na kelele nyingi sana," akasema. "Nilikuita, Teo. Lakini kwa kelele zile usingeweza kunisikia."

Nilimtazama Théodore. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na nikaona ukweli umefika mpaka kwenye meno. Lefa alikuwa anangoja. Binamu yake mlangoni alikuwa anangoja.

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Sikukusikia."

Lefa akaitikia kwa kichwa taratibu, mara moja, akageukia ukutani akasema amechoka, anataka kulala. Niliweka kuku mezani. Hakuuliza ni wa nini.