Gazeti Lisilo na Bosi

Kwanza niwaambie tulivyokuwa tunaringa. Gazeti letu la kila wiki, Kileleni, halina tajiri wala mfadhili. Ni mali yetu sisi tunaolifanyia kazi, watu saba, kura saba. Tukialikwa semina Tanga tulikuwa tunavimba: "Sisi hatuna bosi!" Kana kwamba mjinga anahitaji bosi ili apotee njia.

Katiba yetu tuliitunga wenyewe, na mkono ulioshika kalamu ulikuwa wangu, mimi Anselm, mhariri. Anayefanya kazi hapa miezi mitatu anakuwa mmiliki, hata awe mfagiaji. Kipengele cha tisa kinasema mmiliki haandikwi gazetini bila ridhaa yake. Huku milimani watu tunaishi kwa kusitiriana, nikadhani na gazeti linaweza kuishi hivyo. Tulikipigia makofi kipengele kile. Elinuru, mpanga kurasa wetu, nusura alie kwa furaha.

Basi akaja Bwana Anord. Ana duka kubwa la pembejeo hapa Lushoto mjini na gari jeupe lisilochafuka hata wakati wa masika. Akaomba kazi ya kufagia ofisi. Kufagia! Eti anataka kuitumikia jamii. Mwenye akili angemuuliza ni jamii gani hiyo inayotumikiwa kwa ufagio na mtu mwenye maghala mawili. Sisi tulimpiga picha tukaiweka ukurasa wa kwanza: "Tajiri ashika ufagio." Alifagia miezi mitatu, tena vizuri, na kila Jumatatu akatuletea maandazi, nasi tukala kama watoto wa chekechea. Miezi ilipotimia tukampa hisa yake, tukaimba.

Wiki mbili baadaye Zuhura, mwandishi wetu pekee mwenye macho, alirudi na habari. Anord alikuwa ananunua sokoni viazi vya kula, vile vidogo vinavyobaguliwa, anavipaka dawa ya rangi na kuvifunga kwenye magunia mapya yaliyoandikwa "mbegu bora". Zuhura alikuwa na picha. Baadhi ya viazi alivipeleka kwa bwana shamba, ambaye alivikata akaona utomvu wa mnyauko. Ugonjwa huo ukiingia shambani hauondoki na mavuno. Udongo wenyewe unaugua, na kwa miaka mingi usitegemee kiazi pale.

"Kaka Anselm, tukichapa Ijumaa hii tunawawahi wakulima," Zuhura aliniambia. "Ijumaa ijayo watakuwa wameshapanda."

Nilimfikiria Secilia, mdogo wangu, aliyeko Rangwi. Ana shamba moja tu aliloachiwa na marehemu mumewe, na viazi ndivyo vinavyowalisha yeye na wanawe.

Tukaketi kikao. Anord aliegemeza ufagio ukutani, akakaa, akafungua katiba yetu, ambayo alikwisha kuipigia mistari kwa kalamu nyekundu. "Wamiliki wenzangu," akasema kwa upole, "kipengele cha tisa. Mimi sijaridhia."

"Tukifute sasa hivi!" Zuhura alisema. "Kura za wengi zinatosha. Nani anaunga mkono?"

Akanyoosha mkono wake. Nikawatazama wenzangu, na nikaona kila mmoja anapima jinsi kipengele kile kinavyomfunika yeye. Elinuru alikuwa na kiwanja alichokipata kwa njia za giza. Dereva wetu alikuwa na mke wa pili ambaye wa kwanza hamjui. Na mimi nina stashahada ya uandishi ambayo hakuna chuo kinachoikumbuka. Mikono yetu ikakaa mapajani, na wangu ukiwamo.

"Watu wa hovyo kabisa," Zuhura alisema. Alitoka akapanda bodaboda, akaenda kuwaonya watu mwenyewe, picha zikiwa kwenye simu yake. Anord akachukua ufagio akafagia pale alipokuwa ameketi Zuhura, na sisi tukainua miguu ili apite.

Ijumaa tulitoka na habari ya kabichi kubwa kuliko zote wilayani. Nilitaka kumpigia Secilia, Mungu ni shahidi. Lakini angeniuliza mbona hatujaandika, nami ningemjibu nini? Nikasema kesho. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Aibu yangu niliiona kubwa kuliko shamba lake, na kwa hilo ninajidharau kuliko ninavyomdharau Anord.

Jumatano iliyofuata alinipigia yeye.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Secilia. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Jana tumemaliza kupanda. Kaka, kuna dada mmoja alipita hapa na simu, eti mbegu za Anord zina ugonjwa. Watu wakaogopa. Nikawaambia, subirini, kaka yangu ndiye mhariri, kungekuwa na ubaya angeandika. Gazeti lilipofika nikawasomea lote, ukurasa kwa ukurasa. Hamna kitu. Basi tukanunua, mimi na majirani wote wa huku kwetu."