Namba Tisa Atoke

Sikumpenda Trekta. Nasema wazi, msinitazame hivyo. Rekodi ya mabao ya klabu ni yangu, mia moja na kumi na mawili, na huyu bwana asiye na chenga wala shuti la maana alinifikia kwa kukimbia tu. Miaka kumi na minne anafukuza mipira ambayo wenzake wameshaikatia tamaa! Sasa ndiye kocha, na bado anajipanga mwenyewe mbele. Mimi nimebaki kumfulia jezi.

Mechi ya mwisho ilikuwa tushinde au tushuke daraja. Yeye alibakiza bao moja tu anipite. Mapumziko, sufuri kwa sufuri. Akanivuta pembeni mwa chumba cha kubadilishia nguo, penye kapu la taulo, jasho linamchuruzika.

"Mzee, humu ndani mshambuliaji mwenzangu ni wewe tu. Niambie kweli, niko vipi?"

Alikuwa amekwisha. Mguu wa kulia anauburuta, na kila akigeuka beki keshafika. Lakini ningesema hivyo, si angedhani nalinda rekodi yangu? Na jamani, moyoni nilikuwa nailinda kweli. Nikaona haya.

"Uko fiti, mwanangu. Kamalizie kazi."

Akanitazama kidogo, kisha akainama kufunga viatu.

Dakika ya sabini na mbili mpira ulitoka nje. Nikamwona anamwashiria mwamuzi wa akiba, na kibao kikainuliwa: tisa. Tisa ni yeye mwenyewe! Jukwaa zima likamzomea. Na aingie nani? Fundi Bomba, mtu anayezibua masinki wiki nzima, aliyesugua benchi tangu msimu uanze.

Mchezaji anayetolewa hujikokota, huvuta soksi, hupungia mashabiki. Trekta alitoka mbio. Kwa mguu ule ule! Alikata uwanja mbio ili tusipoteze hata sekunde, akamsukuma Fundi ndani, akabaki mstarini anapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nimekaa kwenye mpira miaka arobaini na sijaona kitu kama kile.

Dakika ya themanini na nane Fundi Bomba akafunga kwa paja. Paja, wallahi! Filimbi ya mwisho ikalia, tumebaki daraja letu.

Chumbani wote wanaruka na kuimba, yeye kakaa pembeni na barafu mguuni. Nikamwendea.

"Nilikudanganya, mwanangu."

"Najua, Mzee. Ulichelewa kujibu."

"Na kama ungefunga? Bao lilikuwa moja tu."

"Kwa mguu huu?" Akacheka. "Nisingefunga hata mlango."

Nilipiga magoti nikamfungua viatu, kazi ambayo sijawahi kumfanyia mchezaji yeyote. Maana mimi najijua. Ningekuwa mimi, na bao moja limebaki, klabu ingeshuka daraja nami niko uwanjani.