Ufunguo Uliolala Nyumbani

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya alfajiri, nikajua mjukuu wangu ameshaamka. Nilimkuta jikoni anakunywa chai kwa kusimama. Jana kazini meneja alimwambia wazi kwamba lori lisipoondoka limejaa kabla ya adhuhuri, ausahau usimamizi, arudi kwenye meza ya kufungasha.

"Kaa basi, mke mwenzangu," nilimwambia.

"Nikikaa nitalala, Bibi."

Alipokwisha toka niliingia bafuni, nikaona ufunguo unaning'inia msumarini kwa kamba yake nyekundu. Niliutwaa. Kiwandani kwao, anayesafisha mashine ya kukata sabuni huchomoa ufunguo akauvaa shingoni, ili mtu asije akaiwasha naye yumo ndani. Jana jioni alisafisha yeye, akaja nao hadi nyumbani.

Haraka haraka haina baraka, lakini asubuhi ile nilikwenda mbio na uzee wangu. Mlinzi wa getini hakunichosha kwa maswali. Alinishika kiwiko, akanipandisha ngazi.

Ndani mashine zilikuwa kimya na wafungashaji wamesimama mikono mitupu. Meneja alikuwa ameleta ufunguo wa akiba kutoka ofisini. Mjukuu wangu alikuwa ameiziba swichi kwa mgongo wake.

"Pisha."

"Bado, mzee. Sijamwona fundi wa mashine."

"Fundi yuko kwenye chai. Yule na kikombe wamezaliwa pamoja."

Mtu akacheka.

"Huenda. Lakini nimwone kwanza."

"Lori linanguruma nje. Cheo unakitaka au hukitaki?"

"Nakitaka sana." Hakusogea.

Ufunguo nilikuwa nimeufumbata kiganjani. Nilitaka kumwambia, pisha mwanangu, usije ukakosa kazi. Nikajizuia.

Mama mmoja mfungashaji aliinama, akagonga ubavu wa mashine kwa ngumi. Kimya. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Chini ya mkanda kikatokea kiatu, halafu mguu, halafu fundi mzima, mafuta hadi kwenye nyusi na pamba masikioni.

"Mbona mnanikodolea macho?" aliuliza. "Niliona ufunguo haupo, nikasema nikaze kisu kabla haujarudi."

Mkono wa meneja uliokuwa umeshika ufunguo wa akiba ulishuka taratibu, naye akakaa juu ya kreti kama mtu aliyetoka homani. Baadaye akainuka, akatoa leso yake nyeupe, akamfuta fundi mafuta yaliyokuwa yanamwingia jichoni. Hilo nililiona, na simnyimi haki yake.

Nilimkabidhi mjukuu wangu ufunguo wake, mashine ikawashwa, na lori likaondoka adhuhuri imekwisha pita. Habari ya meza ya kufungasha haikutajwa tena. Meneja alimpa mjukuu wangu ule ufunguo wa akiba, akasema, "Huu ukae kwako, msimamizi."

Fundi alinisindikiza hadi getini, akipunguza hatua zake zilingane na zangu.

"Bibi, utakuja tena lini?"

"Kwani nimesahau nini?"

"Hujasahau kitu. Njoo tu tukuone."