Baiskeli ya Kushukia Shimba

Mulinge alifika kwenye kibanda cha fundi Mbwana, pale Mwabungo, akikokota baiskeli iliyovunjika, na bei ya ndama wawili ikiwa imeshonewa ndani ya mfuko wa suruali yake. Ndama hao walikuwa wa mama yake, Kalekye. Aliwauza bila kunung'unika, kwa kuwa tangu baiskeli ivunjike maziwa yalikuwa yakigandia nyumbani huko milimani Shimba, na wenye vibanda vya chai Ukunda walikuwa wameanza kununua kwingine. Mvua za El Nino zilikuwa zimeila barabara ya changarawe mpaka ikabaki mifereji na mawe. Akikosea kuchagua leo, hapakuwa na ndama wa tatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko juu?"

"Hatujambo. Nataka baiskeli yenye nguvu ya kupanda. Hii mnyororo ulikatika nikipanda, nikaanguka na mitungi ya maziwa."

Ndivyo alivyomwambia mama yake, na majirani pia. Kwa wiki tatu alikuwa ameyarudia maneno hayo mpaka yakalainika mdomoni.

Sharif, aliyekuwa akiuza vitu vilivyoachwa na watalii wa Diani, aliweka chini kikombe chake cha kahawa. "Basi Mungu amekuleta pahali pake. Itazame hii."

Ilikuwa baiskeli ya umeme. Mjerumani mmoja aliileta na meli, akarudi kwao akaiacha. Rangi yake ya fedha iling'aa, na betri yake ilikaa chini ya kiti kama kibuyu.

"Unakanyaga kidogo, yenyewe inamalizia," Sharif alisema. "Utapanda Shimba huku unatafuna muhogo. Wasichana watauliza huyu ni nani."

"Watauliza huyu amemwibia nani," Mulinge alijibu, lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika usukani.

"Na umeme utautoa wapi, mtu wa ng'ombe?" Sharif aliuliza. "Nisije nikalaumiwa."

"Jirani yetu Chome ana jenereta ya mashine ya kusaga. Betri italala kwake. Ulidhani sikufikiria?"

Mbwana alikuwa amechuchumaa, anaitazama baiskeli iliyovunjika. Alipitisha kidole kwenye uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, kisha akainuka akajifuta mikono.

Wote walijua desturi yake: baiskeli haitoki kibandani mpaka mnunuzi aipande ikiwa na mzigo. Kwa kazi hiyo alikuwa na magunia mawili ya mchanga, kila moja uzito wa mtungi uliojaa. Nyuma ya kibanda palikuwa na timbo, shimo kubwa walikokata mawe ya kujengea, na njia ya malori iliyoteremka humo ilikuwa changarawe tupu. Wakafunga magunia, wakaisukuma baiskeli ya umeme mpaka chini.

Mulinge akapanda. Mota ilinguruma kidogo, mawe yakaruka, na baiskeli ikamtoa shimoni bila jasho. Alicheka peke yake. Hakuwa amepata kupanda mlima akiwa na pumzi za kucheka.

"Umeona?" Sharif alisema.

"Tumeona," alisema Mbwana. "Sasa shuka nayo."

Mulinge aliigeuza baiskeli, akatazama chini. Magunia yalimsukuma mgongoni. Akabonyeza breki, zikalia. Mguu wake ulikataa kuondoka chini.

"Amechoka huyo?" Sharif aliuliza.

"Sharif, ndugu yangu," Mbwana alisema kwa upole, "hebu nenda kwa Twaiba ukatuletee mahamri."

"Saa hizi?"

"Saa hizi ndipo yana moto."

Sharif alipopotea kwenye kona, Mbwana alisogea karibu, sauti akaishusha. "Uma wa baiskeli yako umekunjika kurudi nyuma. Mnyororo ukikatika mtu akipanda, anasimama tu. Uma hukunjwa na mwendo. Wewe ulianguka ukishuka."

Damu ilimpanda Mulinge usoni. "Unaniita mwongo, mzee?"

"Ningetaka, ningekuita hivyo mbele ya Sharif."

Mulinge aliona tena kona ile ya asubuhi ya ajali, breki zilizolowa umande zikiteleza, mitungi ikimzidi nguvu, kisha maziwa meupe kwenye udongo mwekundu. Kijana mzima wa milimani kuanguka akishuka kwao, hata watoto wangemcheka.

"Niliogopa, fundi," alisema hatimaye. "Bado naogopa."

"Ni vyema. Sasa tunaweza kuchagua. Maziwa yanapanda au yanashuka?"

Mulinge alitaka kujibu, akajikuta anacheka. Kila siku alishuka na mzigo na kupanda na mitungi mitupu. Alikuwa amekuja kununua nguvu ya kubebea hewa.

Mbwana aliingia kibandani akatoka na baiskeli nyeusi, kuukuu, nzito, karia yake ya kubebea mzigo imeungwa kwa vyuma vya nondo. "Breki yake ya nyuma imo ndani ya gurudumu. Hailowi. Unakanyaga kinyume, inashika. Mlima utausukuma kwa miguu, utanitukana njia nzima. Lakini utafika chini."

Magunia yakahamishwa. Mulinge alishuka timbo polepole, akikanyaga kinyume, changarawe ikilalamika chini yake, mpaka akasimama pale pale alipotaka. Alibaki chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ameinamia usukani, ili macho yake yakauke kabla hajapanda kuwakabili watu.

Sharif alirudi na mahamri, akaona baiskeli nyeusi, akatikisa kichwa. "Nimekwenda kununua chakula cha matanga yangu."

"Kula, bwana," alisema Mbwana. "Huyu anahitaji kufika."

Bei ya ile nyeusi ilikuwa ndama mmoja.

Jioni, Mulinge aliiegemeza baiskeli ukutani, akampa mama yake fedha zilizobaki, na kabla hajaulizwa akamweleza kona ile, umande ule, na uongo wa wiki tatu. Kalekye alimsikiliza, akaigusa ile karia.

"Huyo fundi anakunywa maziwa?"

"Anakunywa."

"Basi kesho wa kwanza ni yeye, kabla ya Ukunda."

Asubuhi Mulinge alishuka na mitungi iliyojaa. Kwenye ile kona alikanyaga kinyume, gurudumu likashika, naye akalitaja jina la Mbwana kama mtu anayeomba dua.