Waya Uliohurumiwa

Mjukuu wangu alibonyeza kitufe cha kompyuta. Taa ikawaka, feni ikavuma, lakini skrini ikabaki nyeusi tii. Asubuhi ile alitakiwa kuwaonyesha waajiri michoro yake ya nyumba, na yote ilikuwa humo.

“Inapumua,” nilimwambia. “Mbona sasa imefumba macho?”

“Ndiyo tuitafute sababu, Bibi.”

Aliuchomoa waya kwenye skrini, akauchomeka kwenye televisheni. Giza lile lile. “Basi skrini haina kosa,” alisema. “Tatizo liko kwenye boksi la kompyuta.”

Nikachungulia nyuma ya boksi. Palikuwa safi, hata utando wa buibui hakuna. Nikaona matundu mawili yanayofanana, na waya umechomekwa kwenye la juu.

“Na hili la chini ni la nini?”

Akainama haraka. “Hilo ndilo la kadi ya picha, ndilo linalotoa picha! Waya hukaa hapo. Nani kauhamisha?”

Babu yake akakohoa mlangoni, akamwambia mjukuu wake kwa utani wao: “Jana nilikufutia vumbi, mke wangu. Nikaona waya umevutika mno, nikauonea huruma, nikauweka juu upumzike.”

“Mume gani huyu, anataka nikose kazi!” Alicheka, akaurudisha waya chini, akawasha upya. Skrini ikang’aa, na michoro yake yote ikawepo.

Lakini kabla ya kukaa, aliliinua boksi akalisogeza karibu na skrini, mpaka waya ukalegea.

“Haya, Babu. Njoo uutazame. Hauvutwi tena.”