Mizani Inayosema Uongo

Feisal, mtoto wa ami yangu, alifuta jina langu kwenye draiva niliyoiandika mwenyewe, akaweka lake. Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kusoma kifaa kilichochomekwa kwenye USB. Yangu husoma mizani ya samaki. Akafuta na mistari inayokagua ukubwa wa data kabla ya kuipokea. Eti inachelewesha! Nilipolalamika, nyumba nzima ilinijibu neno moja tu: sitara. Mambo ya ndugu hayatoki nje.

Nikaunda kidubwana changu, kifaa kidogo cha USB cha kuigiza mizani mbovu.

Siku ya maonyesho ya programu pale Mapinga, Bi Shufaa, mwenye ghala la samaki Bagamoyo, alikuja kuchagua draiva ya mizani zake zote. Ami Haidar, baba yake Feisal, aliyenilea tangu baba yangu afariki, alikaa mbele, kanzu imenyooka. Feisal alijisifu mpaka nikamwonea haya.

"Naomba nichomeke mizani yangu," nikasema.

Kidubwana kikajitambulisha kuwa ni mizani, kikaahidi kuleta baiti nane, kikamwaga mia tano. Draiva ya Feisal ikazibeba zote bila kuuliza, zikafurika hadi pasipo pake kwenye kumbukumbu. Kompyuta ikaganda.

"Kifaa chako kibovu!" Feisal akafoka.

"Kibovu, ndiyo. Chumvi ya huku inakula waya. Kila mizani itakuja kuharibika, itume upuuzi. Haya, kichomeke kwangu."

Kompyuta yangu, yenye draiva ile ya awali, ikaandika: data imezidi, imekataliwa. Mizani nzima iliyokuwa pembeni ikaendelea kusoma kilo za samaki kama kawaida. Nilifurahi, wallahi. Nilifurahi kumwona Feisal akibonyezabonyeza kompyuta iliyokufa, jasho likimtoka.

"Nani kaiandika hii?" Bi Shufaa akauliza.

Ami akasimama. "Naila mwanangu, sema mmeiandika nyote wawili. Nisitirie mtoto."

Huyu ndiye aliyeuza shamba la Zinga nikasome.

"Nimeiandika peke yangu, ami. Feisal kaiiba."

Bi Shufaa akanipa mkono pale pale. Kazi ikawa yangu, na jina langu juu yake.

Asubuhi nilimkuta ami kibarazani, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, ami."

Akaweka kikombe chini, akatazama barabarani. Nikamwamkia tena, kwa sauti zaidi. Akainuka, akaingia ndani, akakomea mlango.